Nani Alipe Miaka ya Kushindwa?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtoto wa mwambao wa Tanganyika akionekana ana mkono wa tenisi, je, asukumwe aende kuitafuta namba kwenye viwango vya dunia, au aambiwe mapema ashike kalamu? Nimewagawia hoja hii wasemaji wanne. Majina sikuwapa, lakini ukishuka bandarini Kibirizi hapa Kigoma siku yenye mzigo, au ukikaa barazani Ujiji baada ya alasiri, huwezi kuwakosa: mwalimu wa michezo wa sekondari, mama anayevusha mawese na dagaa kwenda Bujumbura, tajiri mwenye mitumbwi ya uvuvi, na kocha, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyehamia Kigoma kwa shemeji yake. Mimi ni mwenyekiti wa kikao, na nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Watu wa Kigoma ni watu wa mpira wa miguu, hilo lisemwe kabla hatujafika mbali. Juma Kaseja alitoka huku akaenda kudaka Simba, Yanga na Taifa Stars. Timu yetu ya Mashujaa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na uwanja wa Lake Tanganyika ndio uliopokea fainali ya Kombe la Shirikisho ya Simba na Yanga Julai 2021. Tenisi kwetu ni mgeni. Lakini ziwa letu upande wa kaskazini linaishia Bujumbura, na Bujumbura ina habari nyingine.

KOCHA: Mnaposema tenisi ni ya wazungu nawashangaa. Sada Nahimana ni Mrundi, kazaliwa 2001, ziwa lake na lenu ni moja. Amecheza Grand Slam za vijana, kisha akapanda mpaka ndani ya wanawake 300 bora duniani. Kabla yake Guy Orly Iradukunda alitoka kwetu akapata nafasi Chuo Kikuu cha Florida State kule Marekani, kwa raketi. Nairobi yupo Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake. Julai 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Hao si watoto wa mabalozi.

TAJIRI: Sawa, kocha. Huyo wa 300 bora, kwa mwezi anaingiza shilingi ngapi?

Kocha alikuwa na majina mengine mfukoni. Swali la tajiri liliyafunga yote, na kusema kweli lilikuwa swali la haki. Mtu akiwa wa 300 duniani katika upasuaji wa moyo, au urubani, au hata mpira wa miguu, hana haja ya kuulizwa anakula nini. Katika tenisi anaulizwa, na jibu halipendezi.

MWALIMU: Ngoja niliweke kwa hesabu, Mzee. Mashindano ya kulipwa ya ngazi ya chini kabisa kwa wanaume yanaitwa M15. Hiyo 15 ni dola elfu kumi na tano, tena ni zawadi ya mashindano mazima, si ya bingwa peke yake. Bingwa, baada ya kushinda mechi tano kwa wiki, anachukua dola 2,160. Aliyefika droo kuu akatolewa mzunguko wa kwanza anapewa dola 156, na kodi bado.

MAMA: Mia moja hamsini na sita! Na nauli?

MWALIMU: Nauli yake. Hoteli yake. Nyuzi za raketi zake, maana zinakatika kila siku. Kocha wake, kama anaye. Halafu pointi. Ukishinda mechi moja ya droo kuu unapata pointi 1. Bingwa anapata 15. Na pointi haikai; wiki 52 zikitimia inafutwa, inabidi uirudishe. Mtu akiumwa goti msimu mmoja, jina lake linateremka bila yeye kuchapwa na mtu.

KOCHA: Ukikaa nje miezi sita na zaidi kwa majeraha kuna namba ya ulinzi, Mwalimu. Inakuruhusu kuingia mashindano kadhaa kwa kiwango chako cha zamani.

MWALIMU: Inakuruhusu kuingia. Haikulishi hiyo miezi sita.

Hapo kocha akabadilisha njia, na nadhani alifanya vizuri. Alisema tusidhani dhiki hii ni ya Mwafrika peke yake, akatuletea Billy Harris. Harris ni Mwingereza. Kwa miaka kadhaa alizunguka Ulaya akiendesha gari la mizigo, Ford Transit aliyopewa na baba yake, kutoka mashindano madogo hadi mengine. Nyuma ya gari kulikuwa na kitanda, chakula alijipikia. Mchana anacheza na mtu wa 500, usiku anaegesha analala. Mwaka 2024, akiwa anakaribia miaka 30, ndipo alipofika robo fainali ya Queen's jijini London na kucheza droo kuu ya Wimbledon kwa mara ya kwanza.

TAJIRI: Huyo namwelewa. Huyo ni mvuvi.

MWALIMU: Aliingiaje Wimbledon hiyo?

KOCHA: Kwa mwaliko.

MWALIMU: Basi mjadala uko hapo, jamani. Droo ya wanaume ina watu 128, na wenye mashindano wana nafasi chache za mwaliko wanazompa wamtakaye. Kwa Wimbledon nyingi zinakwenda kwa Waingereza, hata wasiofikia kiwango cha kuingia wenyewe. Na mwaka 2024 aliyetolewa Wimbledon mzunguko wa kwanza alilipwa pauni 60,000. Narudia: aliyetolewa. Mwingereza wa 200 anaweza kupoteza mechi moja nyumbani kwao, kwa saa moja na nusu, akapata fedha ya kuzunguka mwaka. Bado sijataja kwamba faida ya Wimbledon, makumi ya mamilioni ya pauni kila mwaka, sehemu kubwa inakwenda kwa chama chao cha tenisi. Mrundi wa 200 mwaliko wake anaupata wapi? Kwao Rumonge?

Mama alicheka, lakini mwalimu hakuwa anachekesha. Hili ndilo jambo nililotaka lisikike, na naomba nilitie mkazo wangu. Tunapotazama orodha ya viwango tunadhani inapima ufundi: huyu wa 210, yule wa 640, basi huyu amemzidi yule. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kati ya 200 na 800 wengi wana mkono unaokaribiana. Kinachowatenga ni nani ana mtu wa kumlipia akishindwa. Hakuna anayepanda bila kushindwa mara nyingi, kwa miaka, mahali ambapo hakuna mtazamaji hata mmoja. Mwingereza miaka hiyo ameegemea ukuta, hata kama ukuta wenyewe ni gari la mizigo la baba. Wa kwetu anaegemea hewa.

TAJIRI: Mwalimu, unatukatisha tamaa. Kwani mtu hawezi kuruka? Hassan Mwakinyo wa Tanga mwaka 2018 alikwenda Birmingham, hakuna aliyemjua, akampiga Sam Eggington raundi ya pili mbele ya watu wao. Kesho yake namba imeruka zaidi ya nafasi mia moja. Usiku mmoja!

KOCHA: Ngumi ni ngumi, Mzee. Tenisi ina usiku wa hivyo, lakini haubebi mtu. Mwaka 2016 Marcus Willis, Mwingereza, alikuwa wa 772 duniani. Alikuwa anafundisha watoto klabuni kwa pauni 30 kwa saa na amekwisha kupanga kuhamia Marekani akafundishe. Mchumba wake, daktari wa meno, akamwambia ajaribu tena. Akapita mechi za kutafuta nafasi ya kufuzu, akapita mechi za kufuzu zenyewe, akashinda mzunguko wa kwanza wa Wimbledon. Ushindi saba. Wa nane akawekewa Roger Federer, uwanja mkuu.

TAJIRI: Akachapwa.

KOCHA: Seti tatu bila. Dunia ikampenda wiki nzima. Lakini hakuwahi kuingia 300 bora katika mchezo wa mmoja mmoja. Baadaye alirudi kucheza wawili wawili.

MAMA: Kwa hiyo wiki moja ya maajabu imemlipa kuliko mwaka mzima wa kuhangaika.

KOCHA: Ndivyo, mama.

MAMA: Mimi sijui tenisi, ila njia naijua. Mwanangu, unasema huyo mtoto atakuwa anakwenda Ulaya kila wiki. Mimi kuvuka kwenda Bujumbura tu, karatasi zikipungua moja nalala Kibirizi na mzigo wangu unaoza. Yeye visa nani atamtafutia?

Swali hili wachambuzi wa michezo huliruka, labda kwa sababu wengi wao wana pasi nzuri. Orodha ya mashindano madogo hufungwa wiki mbili na nusu hivi kabla ya mechi kuanza. Visa ya Schengen kwa kanuni inaweza kuchukua siku 15, na ubalozi wa kuitoa huenda uko nchi nyingine. Kwa hiyo mchezaji wa Bujumbura huchagua mashindano kwa ramani ya mabalozi, si kwa udongo unaomfaa wala wapinzani anaowaweza. Ajabu ni kwamba Waingereza nao wameanza kulionja kidogo: tangu watoke Umoja wa Ulaya, mwenye pasi ya Uingereza anahesabu siku 90 katika kila siku 180 ndani ya Schengen. Wanalalamika sana. Nimeshindwa kuwahurumia kikamilifu.

KOCHA: Ndiyo maana nasema tusiende Ulaya kwanza. Kigali iko hapo. Tangu 2024 Rwanda inaandaa mashindano ya Challenger, ngazi iliyo juu ya hizo M15. Mtanzania haombi visa. Unapanda basi.

MWALIMU: Na nani walichukua ubingwa mwaka huo wa kwanza?

KOCHA: (kimya kidogo) Wiki ya kwanza Kamil Majchrzak. Wiki ya pili Marco Trungelliti.

MWALIMU: Mpolandi na Muajentina.

KOCHA: Majchrzak alikuwa ndiyo anarudi kutoka kwenye adhabu, hana namba, anaanza chini. Kigali ikampandisha. Mwaka uliofuata akafika raundi ya nne Wimbledon.

MAMA: Yaani ngazi tumeijenga sisi, aliyeipanda Mpolandi.

Ni maneno makali, lakini yana upande wa pili, na kocha aliutetea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema mtoto wa Kicukiro, Kigali, aliyeokota mipira wiki ile aliona kwa macho yake jinsi mtu wa 200 anavyojiandaa: anavyojinyoosha nusu saa kabla ya mechi, anavyobadilisha raketi mipira ikizeeka, anavyokaa kimya akishindwa. Hayo huwezi kuyaona kwenye simu. Alisema pia mechi za kufuzu zikiwa karibu na nyumbani, mtoto anaweza kushindwa kwa gharama ya basi badala ya ndege, na kushindwa kwa bei nafuu ndiko kunakotengeneza mchezaji. Hapo alikuwa ananukuu hoja ya mwalimu bila kujua, na mwalimu akatikisa kichwa kukubali bila kutaka.

MAMA: Mimi nina hofu nyingine. Vijana wetu hapa mtaani Mwanga wanabeti kutwa. Nimeona mkeka una majina ya tenisi, watu ambao hata mama zao hawajui kama wanacheza leo. Mtu anayelipwa hiyo 156, akaja mwingine akamwambia poteza seti ya pili tu, nikupe elfu mbili, atakataa?

MWALIMU: Wengi hawakukataa, mama. Younès Rachidi wa Morocco alifungiwa maisha kwa makosa 135 ya kupanga matokeo. Mia moja thelathini na tano. Na hakuwa nyota. Kiwango chake cha juu kabisa, wawili wawili, kilikuwa nje ya 400. Kule Ubelgiji mahakama ilimfunga Grigor Sargsyan miaka mitano mwaka 2023. Watu walimwita Maestro. Alikuwa amenasa wachezaji zaidi ya 180, karibu wote wa ngazi za chini. Hakuwa anahangaika na kina Djokovic. Alikuwa anatafuta wenye njaa.

TAJIRI: Wa Ulaya pia?

MWALIMU: Wa Ulaya wengi tu. Njaa ya 600 bora haiulizi pasi.

Wenye mchezo wenyewe wanalijua hili. Kuanzia 2024 chama cha wanaume, ATP, kilianza kuwahakikishia kipato cha chini wachezaji wake: mwaka huo wa kwanza dola 300,000 kwa 100 bora, 150,000 kwa waliofuata hadi wa 175, na 75,000 hadi wa 250. Nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nilisema hatimaye. Kisha nikatazama zinapoishia. Wa 251 yuko nje, na ndiye anayelala kwenye gari, ndiye anayepigiwa simu na kina Maestro. Tena mpango huo ni wa wanaume. Nahimana haumhusu. Kinachowafikia wachezaji wa huku ni ruzuku za mfuko wa Grand Slam zinazopitia shirikisho la tenisi la dunia, ITF, ambazo yeye na Okutoyi wamewahi kunufaika nazo. Zinasaidia, lakini ili uzipate lazima uwe umekwisha kupanda kiasi cha kuonekana.

TAJIRI: Sasa nisikilizeni. Mnalia hamna chama chenye hela, hamna Wimbledon. Hapa ziwani sisi hatukuwahi kuwa na chama chenye hela. Mtumbwi wa dagaa unaingia majini vipi? Kuna tajiri, kuna wavuvi. Mimi natoa mtumbwi, nyavu, taa, mafuta. Asubuhi tukiuza, gharama zinatoka kwanza, kinachobaki tunagawana, fungu langu na fungu lao. Usiku ziwa likigoma, hasara ya mafuta ni yangu. Mvuvi kapoteza usingizi. Kwa nini mchezaji asipelekwe hivyohivyo? Watu kumi wa Kigoma tuchange, tumtoe mtoto miaka mitano, akipanda tugawane.

KOCHA: Wapo wanaofanyiwa hivyo, Mzee. Si jambo geni.

MAMA: Usimsifu haraka. Mzee, wavuvi wako wanakudai au unawadai?

TAJIRI: (anacheka) Mama nawe.

MAMA: Unawadai. Mbalamwezi ikiwa pevu hawavui, wanakuja kwako kuchukua ya kula. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, nani aliwalisha? Ulikopesha, na mpaka leo kuna mtu hawezi kuhamia mtumbwi mwingine kwa sababu yako. Sasa huyo mtoto wa tenisi akiumwa bega miezi mitatu, ndiyo ziwa limefungwa hilo. Atakula kwa nani? Atatoka lini kwenye daftari lako? Na umri wake miaka kumi na minne, anasaini nini?

Nilitegemea tajiri akasirike. Hakukasirika, kwa kuwa kila neno lilikuwa kweli na yeye si mtu mbaya. Nami nikiri ninakoegemea: pendekezo lake ndilo la kwanza mezani lililojibu swali la nani abebe hasara. Chama hakina fedha, serikali ina shule za kujenga, na wafadhili wanamsubiri aliyekwisha kushinda. Mgawo wa ziwani angalau unakiri tangu mwanzo kwamba kutakuwa na usiku mtupu, na unasema hasara ya usiku huo ni ya nani. Ubaya wake uko kwenye daftari.

MWALIMU: Kuna njia ya kupunguza hiyo hasara, nayo ni shule, na sisemi kama mwalimu tu. Cameron Norrie, Mwingereza aliyefika namba 8 duniani, alipitia chuo kikuu Texas. Jacob Fearnley alitoka chuo hichohicho, katikati ya 2024 akiwa nje ya 500, kabla mwaka haujaisha akaingia 100 bora. Mwaka 2025 Oliver Tarvet, mwanafunzi wa San Diego, wa 733, alipita mechi za kufuzu Wimbledon akashinda na mechi ya kwanza, na kanuni za michezo ya vyuo hazikumruhusu kuchukua zawadi yote. Hata hao wenye Wimbledon yao wanakimbilia chuo. Kwa nini? Kwa sababu chuo kinakulipia miaka minne ya kushindwa na mwisho kinakupa shahada. Iradukunda njia yake ilikuwa hiyo. Okutoyi alikwenda Auburn. Hakuna deni, hakuna Maestro, hakuna daftari la Mzee.

KOCHA: Hapo nakubali, Mwalimu. Lakini chuo hakiji kumtafuta mtoto Ujiji. Kinaangalia matokeo yake ya vijana. Miaka 13 mpaka 18 acheze wapi, na Nairobi na Kigali aende na nani?

MWALIMU: Basi hiyo miaka mitano ndiyo Mzee na wenzake walipie, si zaidi. Akipata chuo, mkataba umekwisha.

TAJIRI: Na mimi napata nini akiwa chuoni hachukui zawadi?

MAMA: Jina lako kwenye jezi.

TAJIRI: Jina halinunui mafuta. Akimaliza chuo akaanza kulipwa, asilimia 10, miaka mitano.

MAMA: Ya zawadi, au ya zawadi ukitoa gharama?

TAJIRI: Ukitoa gharama. Kama kwenye mtumbwi.

MAMA: Asipolipwa kabisa, akawa mhasibu?

TAJIRI: Simdai.

MWALIMU: Na akiumwa?

TAJIRI: Simdai, nimesema.

MAMA: Na akitolewa Kigali mzunguko wa kwanza, nauli ya kurudi fungu la nani?

TAJIRI: Langu.

MAMA: Mwalimu, unayo kalamu? Anza na hiyo.